Pete Iliyoanguka Mukuku: Mabaki ya Vyombo vya Angani na Lugha ya Kutojua

Utangulizi

Mnamo tarehe 30 Desemba, 2024, yapata saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kiasi cha kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Hapana mtu aliyeripotiwa kujeruhiwa. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Januari, 2025, Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitoa taarifa kwamba uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa kitu hicho ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu vya aina hiyo kwa kawaida huundwa viteketee viingiapo katika angahewa au viangukie mahali pasipokaliwa na watu, kama vile baharini. Shirika liliongeza kuwa tukio hilo lilikuwa la pekee na kwamba lingeshughulikiwa kwa kufuata sheria ya kimataifa ya anga za juu.

Taarifa niliyoisoma ilikuwa kwa Kiingereza. Jambo hili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa na mjomba wake kijijini, "Kitu hiki kimetoka wapi, na je, kingine kitaanguka wapi?", atajibu kwa maneno gani? Swali la kwanza ni la istilahi. La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa jibu lake la kweli ni kwamba hapana ajuaye, na kutojua huko kuna kipimo chake. Makala haya yanakusudia kueleza kipimo hicho, kisha kutazama jinsi Kiswahili kinavyoweza kukibeba bila kumtia mtu hofu isiyo na msingi wala kumlaza usingizi.

Kimondo si taka

Yafaa tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo mazungumzo ya mitaani huvichanganya. Kimondo ni jiwe au chuma cha asili kilichokuwa kikielea baina ya sayari na ambacho hakikuundwa na mkono wa mtu. Afrika Mashariki inavifahamu vimondo vizuri. Kile cha Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, kina uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, na jina la kimondo limekikaa kiasi kwamba wengi husema tu "kwenda Kimondo". Hapa Kenya, tarehe 16 Julai, 2011, mawe ya kimondo yaliangukia eneo la Thika mchana kweupe. Wazee wa pwani nao husimulia kwamba kimondo ni mshale wa moto wanaorushiwa mashetani wakijaribu kusikiliza siri za mbinguni.

Kilichoanguka Mukuku si kimondo. Kina umbo la duara kamili, na hiyo ni dalili tosha ya kiwanda. Vyombo vya habari vilikiita "taka za angani", "vifusi" na "mabaki ya roketi". Kwa maoni yangu, "taka" ni neno lenye hukumu ndani yake: linasema kuna mtu aliyetupa. "Kifusi" kinamkumbusha msomaji nyumba iliyobomoka. "Mabaki" ni neno pole, nalo linafaa zaidi katika maandishi ya kisayansi, kwani kitu kimetumika na sehemu yake imebaki. Nitatumia "mabaki ya vyombo vya angani", ingawa nakiri kwamba mkulima aliyeangukiwa na nusu tani ya chuma karibu na boma lake ana haki ya kuiita taka.

Aidha, tuwe waangalifu na neno "anga". Ndege hupita angani, na setilaiti huzunguka angani, lakini mahali penyewe ni mbalimbali. Ndiyo sababu "anga za juu" imezoeleka kwa eneo lililo nje ya angahewa, nayo ndiyo nitakayoifuata. Njia ambayo chombo hufuata kikizunguka dunia nitaiita "mzingo". Baadhi ya waandishi hupendelea "obiti", nami sina ugomvi nao.

Kwa nini mahali hapajulikani

Kitu kilicho katika mzingo wa chini husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa na huizunguka dunia mara moja kwa kila dakika 90 hivi. Hakina injini inayokishikilia huko. Kasi yake ndiyo inayokizuia kuanguka, kama ndoo ya maji inayozungushwa kwa kamba ambayo maji yake hayamwagiki. Hata hivyo, katika kimo cha kilomita mia chache kungali kuna hewa nyembamba sana. Hewa hiyo hukikwaruza kitu kidogo kidogo, mzingo wake ukashuka, kikakutana na hewa nzito zaidi, kikashuka zaidi. Kikifika kimo cha takriban kilomita 80 huwa kimepata moto na msukosuko wa kutosha kukivunja. Sehemu kubwa huteketea. Kinachobaki, hasa metali ngumu kama titani na chuma cha pua, hupoteza kasi yake ya awali na mwishowe huanguka karibu wima, kama jiwe lililodondoshwa kutoka mahali parefu.

Kama yote haya yanafahamika, kwa nini hatuambiwi siku na kijiji? Sababu ya kwanza ni jua. Jua lifanyapo ghasia, angahewa ya juu hupata joto na kutanuka, na hewa hiyo iliyotanuka hukikokota kitu kwa nguvu zaidi. Mwaka 2024 jua lilikuwa katika kilele cha mwendo wake wa takriban miaka 11. Sababu ya pili ni umbo la kitu chenyewe. Pete au pipa tupu la roketi hubiringika, na mara hukabili hewa kwa upana, mara kwa ncha, wala hakuna azijuaye zamu hizo kwa hakika. Ya tatu ni kwamba rada na darubini hazikioni kitu kila dakika. Hukikamata kikipita, kisha wataalamu hukadiria kilikokwenda.

Wafuatiliaji wana kanuni ya mkono: chukua muda uliobaki hadi kitu kianguke, kisha ujipe kosa la karibu asilimia 20 ya muda huo. Hebu tuifanyie hesabu. Zikiwa zimebaki siku tano, kosa ni siku moja mbele au nyuma, na katika siku moja kitu huizunguka dunia mara 16. Kusema "kitaanguka Jumanne" wakati huo hakumwambii mtu wa Mbooni lolote asilolijua mtu wa Brazili. Zikiwa zimebaki saa mbili tu, kosa ni dakika 24. Wengi husikia dakika 24 wakadhani ni kitu kidogo. Kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, dakika moja ni kilomita 470, yaani karibu safari nzima ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa. Dakika 24 ni zaidi ya kilomita 11,000.

Kuna jambo jingine ambalo ramani za magazetini hulificha. Kitu kinapomaliza mzunguko mmoja, dunia chini yake imekwisha kugeuka. Kwa dakika 90 dunia hugeuka nyuzi 22 na nusu, ambazo katika ikweta ni kilomita 2,500. Kwa hiyo kitu chenye mzingo ulioinama sana, kikipita juu ya Makueni katika mzunguko huu, kitapita katika longitudo ya Kinshasa mzunguko ujao. Kosa la mzunguko mmoja lahamisha bahati mbaya kutoka Ukambani hadi Kongo.

Si kwamba hakuna chochote kinachojulikana. Mwinamo wa mzingo hujulikana vizuri sana. Kitu ambacho mzingo wake umeinama nyuzi 40 hakiwezi kuangukia London, iliyo zaidi ya nyuzi 51 kaskazini, na hilo ni jambo la yakini. Kitu chenye mwinamo mdogo, kwa mfano kilichorushwa kutoka Guyana ya Ufaransa kupeleka setilaiti za mawasiliano juu ya ikweta, hubaki katika ukanda mwembamba wa pande mbili za ikweta. Ukanda huo ni Ekuado, Kolombia, Brazili, Gaboni, Kongo, Uganda, Kenya, Somalia, Indonesia na bahari nyingi. Makueni ipo takriban nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Sisi tulio chini ya ukanda huu hatukualikwa katika urushaji huo, lakini njia inapita juu ya paa zetu kila siku.

Skylab ni mfano wa zamani unaofaa kukumbukwa. Kituo hicho cha Marekani, chenye uzito wa tani 77, kilianguka tarehe 11 Julai, 1979. Wahandisi walijaribu kukielekeza baharini, kusini mashariki mwa Cape Town. Kikakawia kuvunjika kuliko walivyokadiria, na vipande vyake vikaangukia Australia Magharibi, katika eneo la Esperance. Baraza la mji huo likaitoza Marekani faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa taka. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye hoja. Mwezi Mei, 2020, mabaki ya roketi kubwa ya China yalivuka Afrika, na vipande vya chuma, mojawapo bomba refu, vikaokotwa vijijini Kodivaa. Tarehe 10 Mei, 2025, chombo cha Kisovieti Kosmos 482, kilichokwama angani tangu 1972, kilirudi duniani baada ya majuma ya makadirio. Shirika la Urusi lilisema kiliangukia Bahari ya Hindi magharibi mwa Jakarta. Waliokifuatilia kwingineko hawakuwa na sehemu moja ya kuitaja kwa hakika.

Hesabu ya Kitui na Makueni

Wapo wasemao, "Dunia ni kubwa, kwa nini kwetu?" Swali hili laweza kupewa jibu la tarakimu. Uso wa dunia una kilomita za mraba milioni 510, na karibu asilimia 71 yake ni maji. Makueni ina takriban kilomita za mraba 8,200. Kama kila mahali pangekuwa na nafasi sawa, kitu kimoja kingekuwa na nafasi moja kwa 62,000 ya kuangukia kaunti hiyo. Kwa kitu chenye mwinamo mdogo nafasi hiyo huongezeka mara nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia imekwisha kuondolewa katika hesabu.

Sasa tuseme kimekwisha kuangukia Makueni. Je, kitampiga mtu? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 987,653 katika kaunti hiyo, yaani karibu watu 120 kwa kila kilomita ya mraba. Pete ya kipenyo cha mita 2.5, tukiongeza upana wa mwili wa mtu pembezoni mwake, yaweza kudhuru katika eneo la mita za mraba kumi hivi. Zidisha: nafasi ni takriban moja kwa 800. Ng'ambo ya mto Athi, katika Kaunti ya Kitui, sensa ile ile ilihesabu watu 1,136,187, lakini wametawanyika katika kilomita za mraba 30,400 hivi, watu 37 kwa kila kilomita. Pete hiyo hiyo ikianguka huko, nafasi ni moja kwa 2,700. Kitui ni shabaha kubwa zaidi karibu mara nne, lakini mtu mmoja mmoja yu salama zaidi pete ikiangukia huko kuliko ikiangukia upande wa pili.

Hesabu hii ina kasoro mbili, nami nazitaja ili msomaji asiimeze nzima. Inadhani watu wamesambaa sawasawa, ilhali Wote mjini au Kitui mjini si sawa na nyika. Tena inawahesabu watu peke yao. Ng'ombe, tangi la maji, paa la mabati na shamba la mikunde havimo. Kwa familia yenye ng'ombe wawili, kumpoteza mmoja si takwimu ndogo.

Mashirika mengi ya anga za juu hujiwekea kikomo kwamba kitu kinachorudi duniani kisiwe na uwezekano unaozidi moja kwa 10,000 wa kumdhuru mtu yeyote ulimwenguni. Kikomo hicho ni cha kitu kimoja. Vitu vikiwa vingi, na kila mwaka vinazidi kuwa vingi, vikomo vidogo hujumlika.

Ni cha nani?

Katika siku zilizofuata tukio la Mukuku, gazeti moja liliandika kwamba Kenya ilikuwa imeidai India fidia. Shirika la Anga za Juu likakanusha. Hapo tunaona jinsi pengo la habari linavyojazwa upesi na jina la nchi. Marco Langbroek, mtaalamu wa Uholanzi anayefuatilia setilaiti, alipendekeza kwamba huenda pete hiyo ilitokana na sehemu ya roketi ya Ariane 5 iliyorushwa mwaka 2008 ikiwa imebeba setilaiti mbili, kwani sehemu hiyo ilikuwa ikitazamiwa kurudi duniani siku hizo. Mwanafalaki Jonathan McDowell alionyesha shaka: katika picha hakuona dalili bayana za kuungua ambazo angezitarajia. Wataalamu wawili waheshimika walitazama pete moja, na kila mmoja alisema kile ambacho ushahidi wake ulimruhusu. Wala hapo sioni udhaifu wowote wa sayansi.

Kwa nini jina la mwenyewe ni muhimu? Mkataba wa mwaka 1972 kuhusu dhima ya madhara yaletwayo na vyombo vya angani unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kikamilifu kwa madhara kitakayoyaleta juu ya ardhi. Aliyedhurika hahitaji kuthibitisha uzembe. Inatosha athibitishe madhara, na kwamba chombo ni cha nchi fulani. Mtu binafsi hawezi kudai mwenyewe kwa mkataba huu. Serikali yake ndiyo humdaia, kwa njia ya kidiplomasia, na muda ni mwaka mmoja tangu madhara kutokea au tangu nchi husika kutambuliwa. Setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, yenye kinu cha nyuklia, ilipotawanya vipande vyake kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari, 1978, Kanada ilidai dola milioni sita za Kanada na mwaka 1981 ikakubali milioni tatu. Pale mwenyewe alijulikana tangu mwanzo.

Mkataba huo haumhesabu tu yule anayefyatua roketi. Nchi inayoagiza urushaji nayo ni nchi rushaji, na hata ile ambayo ardhi yake au mitambo yake imetumika. Kwa hiyo Kenya haimo upande wa kupokea pekee. Setilaiti yake Taifa-1 ilirushwa kwa roketi ya Marekani tarehe 15 Aprili, 2023. Zamani zaidi, tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miale ya eksirei, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Setilaiti hiyo ilirudi katika angahewa mwezi Aprili, 1979. Neno la Kiswahili limewahi kuteketea angani, nami sijaona likitajwa darasani.

Lugha ya tahadhari

Turudi sasa kwa swali la mjomba. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kutojua: huenda, labda, pengine, yamkini, yawezekana, inasemekana, inakisiwa, inatazamiwa. Tatizo ni kwamba tunayatumia kana kwamba ni mapambo ya sentensi. "Inasemekana" humtaja msemaji asiyeonekana, haipimi uwezekano. "Inatazamiwa" huegemea upande wa kutokea. "Huenda" huacha mlango wazi pande zote mbili, nayo huandamana na kitenzi chenye -ka-: huenda kikaanguka. Mwandishi akisema "huenda kitaanguka", kama tunavyosikia redioni, ameanza na shaka akamaliza na yakini, na msikilizaji hubaki na neno la mwisho.

Hatari kubwa zaidi imo katika "kinaweza". Tukisema "kipande kinaweza kuangukia Kitui", je, tunamaanisha kwamba hakuna kinachokizuia, au kwamba kuna tarajio? Mfuatiliaji anamaanisha la kwanza: Kitui imo chini ya njia, basi. Msikilizaji husikia la pili, akawatoa watoto shuleni.

Saa nazo zina mtego wake. Makadirio ya vitu vinavyoanguka hutolewa kwa saa za kimataifa. Saa 12:00 ya huko ndiyo saa tisa alasiri ya kwetu. Mtafsiri anayeandika "saa kumi na mbili" amekosea kwa saa tatu, na saa tatu ni mizunguko miwili ya dunia.

Nimejaribu kuandika tangazo kama lingesomwa na chifu:

"Kipande cha roketi kuukuu kitarudi duniani kati ya leo saa nne asubuhi na leo saa mbili usiku. Katika muda huo kitapita juu ya nchi nyingi, ikiwemo yetu, mara kadhaa. Hapana ajuaye kitaangukia wapi. Uwezekano wa kuangukia kaunti hii ni mdogo sana, lakini upo. Endeleeni na shughuli zenu. Mkisikia kishindo na kuona kitu kigeni, msikiguse wala msikikaribie, kwa maana huenda kikawa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Wazuieni watoto, mkatoe habari kwa chifu au kituo cha polisi. Asiuziwe mnunuzi wa vyuma vikuukuu."

Sentensi ya kwanza ina "kitarudi" pasi na shaka, kwa sababu hilo ni yakini. Shaka imewekwa pale tu panapostahili, yaani mahali. Nilisita kidogo juu ya "mdogo sana, lakini upo". Rafiki yangu wa Kibwezi alisema baraza lingeshika "upo" na kusahau mengine. Nilipogeuza nikaandika "upo, lakini ni mdogo sana", alisema sasa hakuna atakayejisumbua kuwazuia watoto. Naye pia aliniuliza tangazo hilo litasomwaje kwa Kikamba, kwa kuwa wazee wengi barazani watalisikia kwa Kikamba kutoka kinywani mwa chifu anayelitafsiri papo hapo, na ile -ka- ya "huenda kikawa" itabidi itafutiwe mwenzake huko akiwa amesimama mbele ya watu.